Moyo Wangu na Loshoro ya Mama Mkwe

Kama umeruhusiwa hospitali jana, na sasa umekaa kitandani kwako na mfuko wa dawa mapajani hujui uanze na kipi, maneno haya ni yako. Wazima wayaache. Sisi wa moyo hatuponi kama mtu anavyopona malaria. Tunakaa na moyo wetu huo huo uliochoka, tunaubembeleza, na siku zinakwenda. Mimi zangu zimekwenda mpaka masika nyingine imepita na bado nipo kwangu, ndiyo maana nimekaa niandike.

Naitwa Aikande, lakini wengi wananiita Mama Eli. Ni Mchaga wa Machame niliyeolewa Umeruni, kwa Wameru. Tunaishi Tengeru, na kibanda changu cha cherehani kiko Ngarenaro, Arusha mjini, nashona sare za shule. Nakwambia mapema ili ujue: mimi si mtu wa kukaa kimya, na kukaa bure ndiyo siwezi kabisa. Ugonjwa huu ulinitaka nifanye yote mawili, tukagombana tangu mwanzo.

Ulianzia miguuni. Ilikuwa masika, matope kila mahali, nikadhani viatu vimesinyaa kwa kulowa. Nikavaa ndala. Siku chache baadaye ndala nazo zikawa zinanikata. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Kwenye cherehani nilikuwa sisikii tena pedali vizuri, nakanyaga kama mtu aliyevaa soksi kumi. Kisha ikaja pumzi. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kanisani, nikashuka ya pili, mwisho nikawa nafungua mdomo tu ili mwalimu wa kwaya asinione. Kulala nikalalia mito miwili, ikawa mitatu, ikawa kochi. Baba Eli, mume wangu, ni dereva wa watalii. Aliporudi kutoka safari akanikuta nimekaa kwenye kochi nahema kama niliyekimbizwa na ng'ombe. Hakuuliza. Alichukua funguo za gari.

Mambo ya moyo unavyosukuma damu waachie madaktari. Mimi nilielewa hivi: maji yamejaa mahali pasipotakiwa maji, hadi kwenye mapafu. Walinichoma sindano, nikakojoa mpaka nikaanza kucheka peke yangu. Baada ya siku kadhaa nilirudi nyumbani mwepesi, nimepungua, nina vidonge vya asubuhi na vya jioni, na onyo moja lililorudiwa na kila mtu aliyevaa koti jeupe: chumvi basi.

Kwetu ukirudi kutoka hospitali nyumba inajaa. Jumuiya ya kanisani walikuja na maombi na kreti ya soda. Majirani walileta mtori wa ndizi, wengine supu ya mifupa. Na mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Bibi, alishuka kutoka kwake mlimani na kapu, khanga mbili na chungu chake cha udongo, akasema, "Mkwe wangu hatapikiwa na watoto. Nimekuja." Nililia. Mama wa watu ana umri wa kukaa tu apikiwe, anakuja kunipikia mimi.

Bibi akawa polisi wa chumvi. Kopo la chumvi alilihamishia chumbani kwake, chini ya kitanda. Binti yangu akijisahau akaulizia, anapewa hotuba. "Mnataka kumuua mama yenu?" Soda za jumuiya aliwagawia majirani, supu za watu alizionja, akikuta chumvi anairudisha na bakuli lake. Chakula chake kikuu kilikuwa loshoro, yale mahindi yanayochemshwa yakaiva, yakapondwa, yakachanganywa na maziwa mgando. Laini, baridi, inateremka yenyewe. Nilikuwa sina hamu ya kitu kingine chochote, nikawa nakula loshoro mchana na jioni.

Ulipofika ule ubaridi wa Julai, mlima hauonekani wiki nzima, nikarudi wodini. Miguu ile ile, mapafu yale yale. Daktari akaniuliza kama nakula chumvi. Nikamwambia, tena kwa kiburi, kwamba nyumbani kwangu chumvi inalala chini ya kitanda cha mama mkwe. Wakaongeza dawa. Nikarudi nyumbani. Jakaranda zilipochanua mjini, nikarudi tena wodini.

Kwenye mabenchi ya kliniki ya moyo watu hawasalimiani kama kwingine. Mzee mmoja Mwarusha, amejifunga shuka lake, aliniangalia miguu akaniuliza, "Wewe hii mara ya ngapi?" Nikamwambia ya tatu. Akatikisa kichwa. "Mimi hapa wananijua mpaka paka wa jikoni." Tulicheka benchi zima, tukakohoa benchi zima. Nilimpenda yule mzee. Nilipokuja kliniki iliyofuata hakuwepo, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Ile mara ya tatu, daktari alivuta kiti akakaa. Ukiona daktari anakaa, ujue maneno si ya kusimama. Akasema, "Mama, kila unapoletwa hapa umejaa maji, tunakutoa, lakini moyo unarudi nyumbani umechoka kuliko ulivyokuja. Wewe ukija mara ya nne, sijui kama nitaweza kukurudisha." Hakuzungusha. Nilimshukuru baadaye, ila siku ile nilitamani kumpiga na kikombe.

Nikarudi nyumbani. Shamba letu la Tengeru nalo ni la ukoo, na baba mkwe alitaka azikwe humo humo, migombani. Nikajikongoja kwenda kuota jua, nikakuta pembeni ya kaburi lake migomba imefyekwa, pamesawazishwa vizuri, panatosha. Shemeji yangu alikuwa anapita na panga.

"Shemeji, migomba hii mmeifyeka ya nini?"

"Aa, shemeji... ilikuwa imezeeka."

"Yote minne? Upande huu tu?"

Akaangalia panga lake. Kwa kweli simlaumu sana. Mtu akishaletwa nyumbani mara tatu kama mzigo, watu wanaanza kujiandaa. Lakini moto niliousikia kifuani siku hiyo haukuwa wa ugonjwa. Nikamwambia, "Basi pandeni mingine, maana mimi sina safari." Na nikajiapiza pale pale, nimeshika mti: hospitali nitakwenda kwa miguu yangu siku ya kliniki, nitarudi kwa miguu yangu. Wodini, hapana.

Kiapo hakitoi maji kwenye mapafu, lakini kinakuamsha asubuhi. Hospitali walikuwa wameanzisha utaratibu kwa sisi wa kurudi rudi: nesi mmoja anakushika wewe, anakupigia simu kila wiki, na wewe unapima uzito kila asubuhi. Uzito ukipanda ghafla kwa siku mbili tatu hayo si mafuta, ni maji, unapiga simu kabla hujaanza kuhema. Wa kwangu alikuwa Sista Glory, mtu wa Songea, ana sauti ya upole na ubishi wa punda. Mzani mdogo alioununua Baba Eli ulikuwa mwongo, ukipanda mara tatu unakupa majibu matatu. Basi nikawa nakwenda kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, napanda kwenye mizani ya magunia. Kila asubuhi, na khanga zangu, mbele ya watu waliokuja na madebe ya mahindi.

"Mama Eli, leo kilo unatoaje?" kijana wa mashine ananiuliza.

"Wewe huna hela ya kuninunua."

Wakazoea. Nikichelewa wananiulizia. Kuna mama mmoja, akiona nimeshuka kwenye mizani nimekunja ndita, naye anaacha kucheka. Tafuta watu wa namna hiyo. Na kama choo kiko mbali na kazini kwako, zungumza na nesi kidonge cha kukojoa ukinywe saa ngapi, usiache kukinywa eti leo kuna msiba. Mimi nilifanya urafiki na gereji nzima iliyo jirani na kibanda changu kwa ajili ya choo chao, na sioni aibu.

Pamoja na hayo yote, mizani ikawa inapanda. Kidogo kidogo. Navumilia kiu, napima kwa jagi asubuhi maji niliyoruhusiwa kwa siku nzima, ya kwenye chakula yakiwemo, nanyonya ndimu, chumvi iko chini ya kitanda, na bado mizani inapanda. Nilianza kuchoka rohoni. Alhamisi moja Sista Glory akanipigia nikiwa kibandani, nikamwambia ukweli: Sista, mimi nafanya kila kitu, labda Mungu ameshaamua.

"Mungu tumwache kwanza," akasema. "Jana mlikula nini?"

"Loshoro."

"Mimi loshoro siijui. Nifundishe, tangu mnapowasha moto."

Nikafurahi kufundisha. Nikamwambia unachambua mahindi, unayaosha, unabandika na maji mengi, unatupia kipande cha magadi yalainike upesi, halafu...

"Ngoja. Kipande cha nini?"

"Magadi."

"Kikubwa kiasi gani?"

Nikafikiri. "Kama ile sabuni ndogo ya gesti."

"Na mnapika hivyo kila siku?"

"Siku nyingi. Lakini Sista, magadi si chumvi."

"Mama Eli, kile kitu kilichomo kwenye chumvi kinachovuta maji mwilini, kwenye magadi kimo, tena tele. Moyo wako haujui tofauti."

Nilikata simu nikakaa. Nilicheka kwanza, kicheko kibaya. Tumemficha mwizi mmoja chini ya kitanda, mwenzake tunamkaribisha mezani mara mbili kwa siku. Kisha nikamkumbuka Bibi anavyopuliza moto macho yamejaa machozi ya moshi, kwa ajili yangu mimi, nikalia kwelikweli. Mteja aliyekuja kuchukua sare akaziacha akaondoka polepole.

Sasa nani amwambie? Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia hasa kwenye nyumba yetu. Nilimwambia Baba Eli.

"Wewe ndiye mtoto wake. Mwambie."

"Nimwambieje? Kwamba chakula chake ndicho kinachokurudisha hospitali? Mama yangu? Aikande, niombe kitu kingine."

"Sawa. Basi nife kwa adabu."

Akatoka nje. Ndoa yetu ni ya miaka mingi, na sikuwahi kumwona anatoka nje katikati ya maneno.

Nikajaribu ujanja. Nikasema tumbo limejaa. Nikasema nimekula kazini. Bibi ananiangalia, ananiwekea bakuli mbele, "Kula hata kidogo, mwanangu, mgonjwa asiyekula ni wa nini?" Nakula kidogo. Kidogo kinakuwa bakuli. Nikamwomba siku moja nipike mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umechoka mkono wangu?" Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nilikula. Asubuhi ya Jumatatu kijana wa mashine alisoma mizani, akasoma tena, na hakunitania. Jioni ile ile soksi ziliacha pete kwenye miguu. Sista Glory akasema, "Kesho asubuhi uje nikuone. Na chungu kile usikiguse. Ikipanda tena tunakulaza, sina namna."

Kulazwa mara ya nne. Nilisikia maneno ya daktari kama anayasema sikioni.

Nikaenda jikoni. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Nikapiga magoti, maana neno lenyewe halikuwa la kusema umesimama.

"Mama, nina neno. Nikikukosea unisamehe, lakini nisipolisema nitakufa."

Akaweka kisu chini. Nikamwambia yote: mizani, simu, magadi. Nilisema haraka haraka nisije nikarudi nyuma.

"Nani amekwambia?"

"Nesi wa hospitali."

"Amezaa huyo?"

"Mama!"

"Magadi nimelishwa tangu sijaota meno. Nina vitukuu, na mlima naupanda kwa miguu."

"Moyo wako ni mzima, Mama. Wangu si mzima."

Akaangalia moto. Nikaona anahesabu kitu kichwani, kisha akaanza kusema, "Kwa hiyo zile mara zote ulizorudi wodini..." Hakumaliza. Jibu lilikuwa ndiyo.

Asubuhi nilipokuwa natoka kwenda hospitali, Bibi alikuwa ameshafunga kapu lake. Alibeba na chungu. Alisema tu, "Mungu akutangulie," akashika njia ya mlimani.

Sista Glory alinitazama miguu, akampigia daktari, wakabadilisha dozi, nikakaa pale kwenye benchi mpaka mchana wakinipima na kunipima. Kisha wakaniambia nenda nyumbani. Nyumbani! Nilitoka getini nikitaka kumkumbatia hata muuza karanga.

Ila nyumbani kwenyewe palikuwa pamenuna. Baba Eli alikuwa ananiongelesha mambo ya lazima tu, kama mpangaji. Wifi yangu akanipigia: "Umemfukuza mama. Mwanamke mzee, amekutumikia, umemfukuza." Kwenye grupu la familia kila asubuhi mtu anatuma mstari wa Biblia wa kuheshimu wazazi, hakuna jina, lakini kila mtu anajua barua ni ya nani. Nilikuwa nasoma, nafunga simu, naenda kupanda mizani. Na mizani ikawa inashuka. Kisha ikatulia. Ikatulia wiki nzima, ikatulia na nyingine. Nikarudi kitandani, mito miwili. Pedali nikaanza kuisikia tena chini ya unyayo. Nikasema, hata ukoo mzima ukininunia, nitanuniwa nikiwa hai.

Lakini iliniuma. Sitakudanganya. Nilikuwa napika makande yangu yasiyo na magadi, yanakaa motoni siku nzima na bado yanagonga meno, nala peke yangu, namkumbuka mtu.

Ikafika Krismasi. Krismasi kwetu hakuna kubaki mjini, wote mnapanda nyumbani kwa wakubwa. Nilifikiri nisiende. Baba Eli akasema, "Usipokwenda utakuwa umeyathibitisha wanayosema." Nikaenda, na chakula changu kwenye hotpoti, nimeishikilia mapajani kwenye gari. Kwenda na chakula chako nyumbani kwa mama mkwe siku ya sikukuu! Nilijua tusi lenyewe, na nililibeba hivyo hivyo.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Wifi yangu alinipokea mlangoni, akaiona hotpoti. "Eh, siku hizi wifi anatembea na hoteli yake." Watu wakacheka, wengine wakaangalia chini. Nikasalimia wakubwa wote shikamoo moja moja, nikakaa kwenye kona. Bibi hakuwepo sebuleni. Alikuwa jikoni, wakasema, tangu jana yuko jikoni na hataki msaidizi.

Nyama ikaletwa, ndizi zikaletwa, loshoro ya sikukuu ikaletwa. Nikaanza kufungua hotpoti yangu. Hapo ndipo Bibi alipoingia, macho mekundu kwa moshi, amebeba kile chungu chake kwa vitambaa. Alipita watu wote. Alipita wazee. Akakiweka mbele yangu.

"Mahindi haya yako motoni tangu jana asubuhi," akasema. "Kuni zangu za mwezi mzima zimeisha. Hayana magadi. Hayana chumvi. Nimeyapika kama mawe, na yamelainika."

Wifi alikuwa na kijiko hewani.

"Wanasema nilinuna. Sikununa." Akaangalia viganja vyake. "Niliiogopa mikono yangu. Nilikuona ukihema kwenye lile kochi mara mbili, na kila mara nikaenda kukupikia tena. Ningekuzika kwa mkono wangu, ningekaa wapi mimi? Nikarudi huku kujifunza upya. Ya kwanza nimempa ndama. Ya pili nimempa ndama. Hii ndiyo iliyokubali."

Nilishindwa kusema. Mimi, Mama Eli, nilishindwa kusema. Baba Eli alisimama akaenda dirishani akatupa mgongo, mabega yanacheza. Bibi akachota bakuli langu, akachota na lake, akakaa kwenye kigoda karibu yangu, tukala. Haikuwa na ladha hata chembe, na nilikula mpaka nikakwangua bakuli.

Akachukua upawa tena. "Nikuongeze."

Katika nyumba ile, tangu nimeolewa, sijawahi kuona mtu akisema ameshiba akaaminiwa. Unaongezwa, unalazimishwa, ukikataa ni kesi. Nikamwangalia.

"Imetosha, Mama. Hii nayo ina maji ndani, na maji yangu ya leo yamekwisha."

Upawa ulibaki juu. Watu wote wanamtazama yeye. Bibi akanitazama mimi, miguu yangu, kisha uso wangu, kisha akaurudisha upawa.

"Imetosha," akawaambia wote, na akafunika chungu.